Kwa Raya, kuhusu neno haramia

Shoga yangu Raya,

Assalaam alaykum. Hamjambo nyote? Bibi hajambo na goti lake? Najua nimekaa kimya tangu Mfungo Mosi na una haki ya kuninunia. Mitihani ilinibana, kisha simu ikaingia maji. Mwanaidi atakueleza mengine, mimi nina jambo moja linanikereketa.

Juzi tulipanda kilima cha Melawati, huko Kuala Selangor, hapa Malaysia. Palikuwa na ngome zamani, na mizinga ya kale ingali imepangwa pale juu. Nikaweka kiganja kwenye mmoja: chuma kina moto wa jua, kimekwaruza kwa kutu, na pembeni yake kima wa kijivu ameketi, mwanawe rangi ya chungwa kamng'ang'ania kifuani. Nikaikumbuka Forodhani, Raya, machozi yakanilenga.

Basi sikiliza. Juni 1871 jahazi la Kichina kutoka Penang lilitekwa, waliokuwamo wakauawa, nalo likaja kuonekana huku kwenye mto Selangor. Damu ya wale watu siipuuzi hata kidogo. Waingereza wakaleta meli yao Pluto, kisha manowari Rinaldo. Tarehe 3 Julai wakashusha watu kumkamata Raja Mahmud, mkubwa mmoja wa pale, mapigano yakazuka, na kesho yake Rinaldo ikaipiga ngome mizinga. Kwao ikawa ni habari ya kukomesha maharamia.

Maharamia! Neno hilo ndilo lililonikaa kooni. Aliyeishika ngome ni Raja Mahdi, mtu wa ukoo wa masultani wa Selangor wenyewe, aliyekuwa miaka kadhaa akipigania Klang na ushuru wa bati linaloteremshwa mtoni. Upande wa pili yuko Tengku Kudin, mwana wa masultani wa Kedah, mkwe wa Sultan Abdul Samad. Sultani kampa madaraka, wakubwa wa Selangor hawamtaki, wanasema mgeni huyu. Ugomvi wa nyumbani, wa mkwe na ndugu! Manowari imekuja kutafuta wezi wa jahazi, ikaondoka imevunja ngome ya upande mmoja, na watu wa Kudin wakaingia. Mwezi uleule Birch, ofisa wa Kiingereza, akatumwa kwa Sultani, huko Langat, kumtaka athibitishe madaraka ya Kudin. Kufika 1874 Selangor ina Resident wa Kiingereza wa kumwelekeza mtawala.

Mwizi wa jahazi ni haramia, sawa, nakubali. Lakini Mahdi? Aliyekuwa akidai haki yake kwa jamaa zake? Kijana mmoja wa huku tuliyefuatana naye alinisikiliza, akanyamaza, kisha akaniuliza kwetu ilikuwaje. Nikamwambia: Unguja, 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, manowari za Waingereza zikaanza kupiga mizinga, na haikutimia saa moja, jumba la Beit al-Hukm limeshavunjika, meli Glasgow ya Sultani inazama bandarini, Sayyid Khalid aliyekuwa kakalia kiti kakimbilia kwa balozi wa Wajerumani na Sayyid Hamoud kawekwa kitini siku ileile. Aliposikia "kawekwa" akatikisa kichwa. Hata sikuhitaji kuendelea.

Sasa ombi langu. Mwezi ujao nazungumza darasani kuhusu mambo haya mawili, na vitabu nilivyonavyo vinamwita Khalid mnyang'anyi wa kiti. Nataka kusikia neno la kwetu. Mkalie bibi baada ya alasiri, akiwa na kahawa yake, umrikodi kwa simu, usimkatize.

Wakubwa zake walimwita Sayyid Khalid nani? Walimtaja kwa huruma au kwa hasira? Mababu wa mtaani kwenu walikuwa upande gani, au walijifungia ndani tu? Na Bwana Kombo bado anazo zile karatasi za babu yake, au zimeliwa na mchwa kama alivyohofia? Mwulize kwa upole, usiseme nimekutuma. Je, mizinga ya Forodhani iko palepale au imehamishwa kwa ajili ya ukarabati? Na wewe, yule mchumba mmefikia wapi?

Wako,
Salma