Maduka ya Uhindini yaandikwe kabla ya nyundo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikaa kooni tangu mwezi uliopita. Nilikuwa napita Uhindini, hapa jijini Mbeya, nikakuta mafundi wanabomoa duka ambalo marehemu baba yangu alishonea nguo barazani pake kwa zaidi ya miaka ishirini. Milango ya mninga, ile ya kukunja yenye makomeo ya chuma, ilikuwa imerundikwa kando ya barabara, na mama mmoja wa mgahawa alishanunua mbao mbili za kuni. Ukuta wa juu mbele, uliokuwa na jina la mwenye duka na mwaka wa ujenzi kwa herufi za plasta, ulikuwa kifusi. Nikauliza kama yupo aliyepiga picha kabla ya kuangusha. Fundi mkuu, kijana mwenye adabu zake, akanijibu, "Shikamoo mzee. Sisi tumepewa kazi ya kubomoa tu."

Simlaumu kijana yule. Hata mwenye kiwanja simlaumu sana, maana anataka ghorofa lenye fremu nyingi na kodi ya maana, na hiyo ni haki yake. Kinachoniuma ni kwamba jengo limeondoka na hakuna karatasi hata moja inayosema lilikuwaje, nani alilijenga, na nani waliishi na kufanya kazi ndani yake.

Mji wetu si wa kale. Ulianza mwaka 1927, kwa ajili ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Wachimbaji walihitaji sururu, makarai, chumvi, taa za chemli, na mablanketi kwa baridi hii yetu ya Juni na Julai. Wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka, na mji ukakua kuyazunguka. Hadi leo tunayo Lupa Way, na vijana wengi wanaopita hapo hawajui jina hilo limetoka wapi.

Jina la Uhindini nalo linajieleza. Serikali ya kikoloni iliigawa miji kwa rangi, Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Nimewahi kuambiwa na rafiki yangu mmoja kwamba majengo ya namna hiyo yaende tu, kwa nini tuyalilie? Namwelewa. Baba yangu alikaa barazani, hakukaa ndani, na nilipokuwa mtoto nilijua kuna mlango ambao sisi hatuupiti. Lakini baraza lile ndilo lililobeba habari hiyo. Hapo ndipo cherehani yake ilipokaa, mguu mmoja wa meza umeinuliwa kwa kijiwe kwa sababu sakafu ya saruji nyekundu ilikuwa na mteremko wa kutoa maji ya mvua. Mteja alinunua kitambaa ndani, kaki au drili au marekani, akatoka nje, akapimwa akiwa amesimama penye mwanga, halafu akakaa kwenye benchi kungoja. Watu walisomewa barua zao hapo. Posa zilianzia hapo. Mimi mwenyewe nilijifunza kukata suruali hapo kwa magazeti ya zamani, kabla sijaruhusiwa kugusa kitambaa cha mtu. Ukiliangusha baraza lile bila kuliandika, umemfuta Mhindi aliyejenga na umemfuta pia Mnyakyusa aliyeshona.

Na yalijengwa kwa akili majengo yale. Mbele duka, nyuma yake ghala, kisha vyumba vya familia na ua wenye jiko na kisima cha kukingia maji ya paa. Kuta ni nene, za matofali ya kuchoma, kwa hiyo ndani hapapati joto mchana wala baridi kali usiku. Mbele paa limetolewa nje, na maduka yamepangana, hivi kwamba mvua za hapa, ambazo zikianza Novemba zinatufikisha Aprili, zilikukuta unatembea kutoka duka hadi duka bila kulowa. Fremu za siku hizi zina vioo hadi ukingoni mwa barabara. Mvua ikishuka, wapita njia wanajibana kwenye milango na wenye maduka wanawafukuza.

Kuchakaa kwake kuna sababu. Mwaka 1971 ilipitishwa sheria ya kutaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi hiyo ikahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka mengi ya watu binafsi yakafungwa ili ya ushirika na ya ujamaa yachukue nafasi. Familia nyingi zikaondoka. Aliyebaki ndani alikuwa mpangaji, na mpangaji hatengenezi gata la nyumba isiyo yake. Biashara nayo ikateremka Mafiati na Mwanjelwa, kwenye barabara kuu iendayo Tunduma. Waliojaribu kukarabati wengi waliziba nyufa kwa saruji ngumu juu ya matofali laini. Maji yakanaswa ukutani yasipate pa kutokea, plasta ikabambuka, watu wakasema jengo limeoza. Jengo lilikuwa limezibwa pumzi.

Sasa niseme la sheria, kwa sababu wengi tunadhani serikali inayalinda majengo haya. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Hesabu mwenyewe. Mbeya yote iko nje ya mstari huo. Iringa yote ya Wajerumani iko nje. Boma la Tukuyu nalo liko nje. Jengo la baada ya hapo linalindwa pale tu Waziri anapolitangaza, na Waziri hawezi kutangaza asichopelekewa.

Wenzetu wa Iringa wametuonyesha njia. Boma lao la mwaka 1900 lilitumika miaka mingi kama ofisi za serikali. Kisha likakarabatiwa, na tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya mkoa. Nimelitembelea. Watoto wa shule wanaingia, wageni wanalipa kiingilio, na historia ya Wahehe inasimuliwa ndani ya kuta zilizojengwa na wale waliopigana nao. Hakuna aliyesema ni la mkoloni libomolewe.

Siombi kila duka bovu ligeuzwe makumbusho. Naomba kabla Jiji halijatoa kibali cha kubomoa jengo la zamani Uhindini na Sisimba, afisa aende na kamera na futi ya kupimia, achore ramani yake, aandike mwaka na jina lililo juu, na azungumze na wazee wa mtaa huo. Hiyo ni kazi ya siku mbili kwa jengo moja. Wanafunzi wa ujenzi wa chuo kikuu chetu cha hapa Mbeya wanaweza kuifanya kama sehemu ya masomo yao. Yale machache yaliyo bora kabisa, majina yao yapelekwe kwa Waziri. Na pale ghorofa linapojengwa, mwenye nalo aombwe kuacha uso wa mbele na baraza, apandishe kwa nyuma. Linawezekana, mafundi wetu wanaweza.

Nimetembea mtaa kwa mtaa kwa siku tatu nikihesabu maduka ambayo bado yana mwaka wake juu. Nimeandika kwenye daftari yalipo, nani amepanga, na mwaka unaosomeka. Daftari hilo lipo nyumbani pamoja na rula ya mbao ya baba. Afisa mipango miji au mwalimu yeyote atakayelitaka, mhariri utamwelekeza kwangu. Jumamosi yoyote nitamtembeza mwenyewe, tuanzie pale kwenye kifusi.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi cherehani mstaafu,
Sisimba, Mbeya