Barua ya wazi kwa somo yangu wa Mombasa: ule urembo wetu wa London

Somo yangu,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku Dar hatujambo, ila magoti yananisumbua kila mvua zikianza. Nimeamua kukuandikia hadharani, kwenye blogu anayonisimamia mjukuu wangu, maana maneno uliyoniambia kwenye simu hayajanitoka rohoni. Umesema wajukuu wako wameziona picha zetu za bweni la wauguzi huko London, tulikosomea uuguzi, wakaambiana, "Kumbe bibi alikwenda Ulaya kujirembesha!" Nawe ukacheka nao, ukawaambia ulikuwa utoto tu. Somo, haukuwa utoto. Umewanyima hadithi nzima, na mimi sikubali ipotee.

Unamkumbuka yule mama mpishi wa bweni, aliyekuwa akitufichia chai ya moto tukitoka zamu ya usiku? Alikuwa msichana wa miaka 17 mgawo wa nguo ulipoanza Uingereza, Juni 1941. Kila mtu alipewa kuponi 66 za mwaka mzima. Gauni la sufi lilikula kuponi 11, viatu vya kike 5, jozi moja ya soksi ndefu 2. Na kuponi haikuwa pesa: ilikuwa ruhusa tu ya kununua, bei unailipa vilevile. Mwaka uliofuata serikali ikaingia mpaka kwenye mshono wenyewe. Wizara ya Biashara ikapanga gauni liwe na vifungo vingapi na sketi iwe na marinda mangapi, na suruali za wanaume zikakatazwa kukunjwa chini. Vita vikaisha 1945, lakini kuponi za nguo zikaendelea mpaka Machi 1949, na sabuni ikabaki kwenye mgawo mpaka 1950. Sisi tulipofika 1959 tulidhani Waingereza wamezaliwa na makabati yamejaa. Wale wauguzi wakubwa waliotufundisha kutandika vitanda walikuwa wamemaliza usichana wao wote ndani ya hesabu hiyo.

Mama mpishi alitueleza walivyofanya soksi zilipoadimika. Walichukua ile rangi ya kahawia ya kukolezea mchuzi, wakaikoroga na maji, wakajipaka miguuni kuanzia kifundo mpaka juu ya goti. Halafu unasimama juu ya kiti, mwenzako anapiga magoti nyuma yako na penseli ya nyusi, anachora mstari ulionyooka katikati ya shavu la mguu, ili kwa mbali uonekane ni mshono wa soksi. Aliinua gauni lake jikoni pale pale, akatuonyesha mstari ulikopita. Mikono isiyotetemeka ya kuchora mstari huo ilisifiwa mtaa mzima, akasema. Dada yake aliitwa nyumba hadi nyumba kila Jumamosi. Mvua ikinyesha, kazi yote imekwisha. Midomoni walipaka maji ya bitiruti, kopeni wakapaka kizibo cha chupa kilichochomwa moto. Nywele wakazikaza kwa maji ya sukari, na sukari yenyewe ilikuwa ya mgawo, kwa hiyo aliyetaka mawimbi ya nywele alikunywa chai chungu.

Ile sketi ya Dior ndiyo iliyomtia mama mpishi machozi. Februari 1947 huko Paris, mbunifu wa mavazi Christian Dior alitoa nguo zenye kiuno chembamba na sketi pana iliyoshuka chini kabisa ya magoti, iliyokula kitambaa yadi kwa yadi. Uingereza kuponi bado zinatawala. Sir Stafford Cripps, aliyekuwa akiongoza Wizara ya Biashara, aliiona kuwa ni ufujaji. Wasichana hawakumsikiliza. Mama mpishi alichukua yale mapazia meusi ya wakati wa vita, ya kuzuia mwanga usionekane na ndege za Wajerumani, akakata utepe mpana akauunga chini ya sketi yake ya kazini ili ishuke. Akaenda nayo dansini. Anasema kila aliyemtazama aliona kiungo kile, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu nusu ya wasichana ukumbini walikuwa na viungo vyao. Novemba mwaka huohuo Binti Mfalme Elizabeth akaolewa, akaongezewa kuponi 200 kwa ajili ya gauni lililoshonwa na Norman Hartnell. Wasichana wa Uingereza, waliovaa viraka, wakamtumia kuponi zao kwa posta. Zikarudishwa, maana sheria ilikataza kumpa mtu kuponi yako. Mimi habari hiyo kila nikiikumbuka inanigusa.

Sasa wajukuu wako wanadhani tulipofika sisi mambo yalikuwa yamejaa tele. Waambie habari ya maji ya moto. Kwa sensa ya 1951 zaidi ya theluthi ya nyumba za Uingereza hazikuwa na bafu la kudumu. Watu waliogea kwenye beseni la bati mbele ya moto, mara moja kwa wiki, baba kwanza na watoto baadaye kwa maji yaleyale. Wewe na mimi tuliozoea kuoga asubuhi na jioni tulionekana watu wa anasa! Bwenini tulikuwa na bafu, lakini Sista msimamizi aliyahesabu maji, na mama mpishi hata wakati ule hakuvuka inchi 5 za kina cha maji, kipimo walichoombwa wakati wa vita.

Ndiyo maana usiku wa Ijumaa ulikuwa na uzito wake. Tangazo la Amami, sabuni ya nywele, lilikwisha kuwakaa vichwani: Ijumaa ni usiku wa Amami, yaani usiku wa kuosha nywele na kuziweka. Ukumbini kwetu wasichana walikaa foleni sakafuni, kila mmoja amekaa katikati ya magoti ya mwenzake, mkono mmoja chanuo, mdomoni pini. Nywele zikigawanywa, zikapakwa dawa ya kushikiza, zikaviringwa kwenye rola moja moja kuanzia kisogoni, kisha kitambaa cha wavu juu. Walilala nazo hivyo. Nilikuwa nikiwaonea huruma: unageuka usiku, pini inakuchoma fuvu, asubuhi macho mekundu. Jumamosi wanakwenda dukani na rola vichwani chini ya skafu, bila aibu, kwa sababu skafu ile ilimwambia kila mtu kwamba jioni huyu ana mahali pa kwenda. Jioni ndipo rola zilipotoka, nywele zikachanwa kinyume kuelekea mzizi mpaka zikasimama, zikalazwa juu kwa ustadi, zikapuliziwa dawa mpaka zikawa ngumu. Mtindo mmoja wa namna hiyo ulibaki siku kadhaa, usingeuvunja bure.

Yule msichana wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, wa chumba cha mwisho, ndiye aliyetufungulia mlango. Alikuwa na kile kiboksi kidogo cha wanja wa kopeni wa duka la Woolworths, kigumu, anautemea mate anausugua kwa brashi. Wewe ukachukua kichupa chako cha wanja wa manga, ukamkalisha karibu na taa, ukamwambia afumbe jicho, ukapitisha kijiti taratibu kutoka kona ya ndani kwenda nje. Alipofumbua macho akajitazama kwenye kioo muda mrefu sana. Wiki iliyofuata bweni zima lilipanga foleni mlangoni kwetu, hata wale ambao tangu tufike hawajatuamkia. Wakati ule wasichana wa London walikuwa wanatafuta kila njia ya kulikoza jicho, na sisi tulikuja na dawa yake kutoka kwa mama zetu.

Lakini kwa upande wa poda, somo, tuliteseka. Kaunta zote za Yardley na Max Factor tulizozipitia zilikuwa na poda za ngozi nyeupe. Ukijipaka unakuwa rangi ya majivu. Muuzaji anakutabasamia, anakuambia samahani mpenzi. Wewe ndiwe uliyebuni kuchanganya ile poda na kakao ya jikoni, na ukatupaka sote. Kofia ya uuguzi nayo ilitengenezwa kwa nywele zinazolala. Kwetu pini ziliteleza, kofia ikakaa upande, na Sista wa wodi akatugombeza kwa uzembe mbele ya wagonjwa. Nywele zisiguse kola, kucha zisipakwe rangi, kola yenyewe imetiwa wanga mpaka inakata shingo.

Waliotuokoa ni mabinti wa Karibi. Yule wa Jamaika aliweka chanuo la chuma la kunyooshea nywele juu ya jiko la gesi, akalijaribu kwanza kwenye karatasi. Karatasi ikibadilika rangi, anasubiri. Ukikaa pale hupumui, sikio umelishika kwa mkono. Harufu ya mafuta ya nazi iliyopata moto ilijaa ghorofa nzima, na Sista akafungua madirisha yote katikati ya baridi. Hao ndio waliotueleza habari za Winifred Atwell, mpiga piano wa Trinidad aliyefika namba moja kwenye chati za Uingereza 1954, kisha akafungua saluni Brixton ili wanawake weusi wapate pa kutengeneza nywele. Na walituambia ya Claudia Jones, mwandishi wa habari mzaliwa wa Trinidad. Mwaka 1958 vijana wa kizungu, wengi wao wale Teddy Boys wa makoti marefu yenye kola za mahameli, waliwashambulia watu weusi mitaani Notting Hill, humo humo London. Januari 1959, Claudia Jones akaandaa kanivali ndani ya ukumbi wa St Pancras, BBC ikarusha, na ndani yake kulikuwa na mashindano ya urembo ya mabinti wa Karibi. Mei mwaka huohuo Kelso Cochrane, kijana wa Antigua, akauawa kwa kisu Notting Hill. Hiyo ndiyo London tuliyoipanda basi jioni tukiwa tumevaa gauni za kujishonea, gagulo lililokazwa kwa maji ya sukari, na viatu vya mchuchumio. Waulize wajukuu wako kama huo ni upuuzi. Tulipotoka tumependeza, tulitoka pia tukijua tutatazamwa vibaya, na tulitoka hivyohivyo.

Mengine nayapitia haraka. Baridi ile ya 1962 kuingia 1963, theluji ilianguka baada ya Krismasi ikakaa mpaka Machi, nasi tuko na soksi za mkanda zinazoacha paja wazi; wewe ulijifunga leso mbili chini ya koti na hukumwambia mtu. Duka la mbunifu wa mavazi Mary Quant, Bazaar, la King's Road, tulilitazama dirishani tu. Kwa mshahara wa mwanafunzi wa uuguzi tulinunua kitambaa sokoni na paterni ya karatasi, tukagombania cherehani ya bweni. Na nywele za msusi Vidal Sassoon, zile fupi zilizokatwa zikaanguka zenyewe, ndizo zilizozitupa rola kapuni. Uliporudi kwenu kabla ya Uhuru wa 1963 ulikuwa bado hujaona sketi zinapanda. Mimi niliona. Kufikia 1966 wasichana wa wodini walikuwa wanavua aproni wanatokea na sketi iliyoishia katikati ya paja, na soksi za suruali zikachukua nafasi ya mikanda. Mama mpishi alizitazama, akasema kitambaa cha sketi yake ya 1947 kingewatosha wasichana wanne. Hakuwalaumu hata kidogo.

Nilirudi Dar 1967. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969, sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kuchubua ngozi, marufuku. Kuhusu zile krimu nilikuwa upande wao, na ningali. Nilishazitibu ngozi zilizoungua. Lakini Kariakoo, kwenye vituo vya basi, nilishuhudia vijana wa kiume wakiwazingira mabinti, wakiwazomea na kuwavuta nguo, hata kabla marufuku yenyewe haijaanza. Nilimkumbuka Cripps. Serikali mbili, bahari mbili, na kila moja imekuja na futi kupima pindo la msichana. Kama urembo wa mabinti ungekuwa jambo dogo, somo, wakubwa wa nchi wasingejisumbua kuutungia amri. Niliwaambia hivyo wauguzi vijana wa wodini kwangu, na mmoja wao akaniomba nimfundishe kuunga utepe chini ya sketi ili ishuke inchi zinazotakiwa bila kuitupa. Nikamfundisha kwa njia ileile ya mama mpishi, kwa kitambaa cheusi.

Kwa hiyo nakuomba uwaketishe hao wajukuu na uwasimulie sawasawa. Mmoja wao aandike, nawe unitumie, mjukuu wangu ataiweka hapa chini ya barua hii. Picha ile tuliyopiga na yule wa Yorkshire, ambamo sote watatu tumepaka wanja, nakala yangu iliharibika kwa maji. Naomba uipige kwa simu, unirushie. Na ueleze vipimo vya ile kakao, vijiko vingapi kwa poda kiasi gani, maana binti wa hapa nyumbani ameniuliza nami sikuwa na jibu la kumpa.

Wako akupendaye,
Somo wa Dar