Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa chama chetu cha magari ya zamani, Mwaka 2024, pamoja na habari kamili ya Datsun 240Z yetu

Assalaam aleikum, na hamjambo ndugu wanachama.

Mambo ya kawaida nayapitia mbio kwa sababu mwayajua. Mikutano tulifanya minne. Safari za pamoja zilikuwa mbili, Malindi na Diani, hiyo ya Diani feri ikatuweka Likoni masaa mawili juani. Idd tulikutana Mama Ngina tukapiga picha. Gari mbili zimeingia chamani na moja imeuzwa ikaenda bara. Mwenzetu mmoja tulimzika mwezi wa Ramadhani, Mungu amrehemu, yeye ada yake alikuwa akiilipa Januari kila mwaka bila kukumbushwa.

Sasa nije kwa 240Z, ile gari ya michezo ya Datsun, yaani Nissan ya Japani, ambayo chama chairudisha ilivyotoka kiwandani, manake najua ndio mnayongojea, na maneno ya kulalamikia rangi na pesa nimeyasikia, mpaka kwenye matanga nimeyasikia.

Wengi mlitaka tuipake nyekundu na boneti nyeusi kama ile ya Edgar Herrmann na Hans Schüller iliyoshinda Safari Rally 1971. Nawaelewa kabisa. Mimi nimelelewa na hadithi hizo, 1971 ile na ushindi wa 1973 wa Shekhar Mehta na Lofty Drews, bila 240Z sijui kama chama hiki kingekuwako. Lakini gari yetu haikukimbia Safari hata siku moja, na tukiivalisha nguo ya mwenzake tutakuwa twamdanganya kila mtoto atakayekuja kuitazama.

Nilipofuta uchafu pale mbele karibu na redieta kwa kitambaa na mafuta taa, kibandiko cha nambari ya rangi ya kiwandani kikasoma 918. Kwa Datsun 918 ni rangi ya chungwa. Sikutosheka, nikafungua nikatoa hita chini ya dashibodi, na nyuma yake, pahali ambapo hakuna fundi aliyewahi kufikisha bunduki ya rangi, nikaikuta chungwa yenyewe imekaa kama ya jana, wallahi nilikaa pale chini na tochi dakika nzima. Nje juu yake tulihesabu rangi tatu, nyeupe, buluu, na ile nyekundu iliyokuwa yabanduka. Basi kwangu swali likawa limekwisha.

Wanaosema niliamua peke yangu wanikosea. Mkutano wa Machi niliita watu 47, nikapiga simu mwenyewe kwa zaidi ya nusu, wakaja 9. Sita wakanyosha mkono kwa chungwa, watatu wakakataa. Katiba yetu yasema waliohudhuria ndio waamuzi. Mliokasirika baadaye hamkuweko, na Jumamosi za kupiga msasa pia hamkuweko, tulikuwa wanne, mimi, katibu na vijana wawili kutoka Kisauni, miezi mitatu mikono yetu yatoka damu kwenye vidole.

Rangi tumeipuliza moja kwa moja bila kliya juu, yaani ile vanishi ya kung'arisha isiyo na rangi, na chumba cha injini kimepata chungwa hiyo hiyo badala ya ule weusi wa mkebe wa kupuliza uliokuwa mle ndani. Kuna aliyesema haing'ai kama gari mpya ya shoruumu. Haitakiwi ing'ae hivyo, kiwandani Japani chungwa hii haikupakwa kliya, na vile vidoto kama ganda la chungwa mnavyoviona ukiinama upande wa mlango vilikuwako tangu mwanzo. Na kifuniko cha injini kilichoandikwa NISSAN 2400 OHC nimekataa kisipakwe nyekundu, kimebaki alumini tupu, bloku ndio imerudishiwa buluu yake.

Halafu bolti. Hapa ndipo niliposemwa sana, ati mwenyekiti anatumia pesa za chama kwenye bolti kuukuu ilhali mpya zauzwa Mwembe Tayari kwa bei ya chai. Hebu shikeni moja. Kichwani imepigwa nambari 7, hiyo ya dukani haina. Zilipotoka kiwandani zilipigwa zinki kwa umeme halafu zikachovywa kwenye kromati, dawa ya kuzuia kutu, ndio zikapata ule udhahabu, ukiigeuza juani waona kijani na zambarau yapita juu yake. Fundi wa kwanza, wa hapa hapa mjini, jina silitaji, alituahidi kazi hiyo na akatupakia dhahabu ya mkebe, spana ilipoingia tu rangi ikang'oka, shilingi 6,500 zikaenda na maji. Ndipo nikazifunga kila moja na karatasi ya jina lake, nikapanda basi la usiku nikazipeleka Nairobi mwenyewe, nauli nikatoa mfukoni mwangu na sikudai chama.

Mlisema chumvi ya bahari itazila. Itazila, lakini zinki yaliwa kwanza ili chuma kisiliwe, kazi yake ni hiyo. Ikianza kutoa unga mweupe twapaka nta. Za saspensheni na breki sikuzipeleka, kwa sababu asidi ya kusafishia huingiza haidrojeni kwenye chuma kigumu na kisipookwa masaa kadhaa chaweza kukatika ghafla kwenye mzigo. Hizo tumenunua mpya, sikucheza na roho za watu.

Pesa. Tulianza na 112,400. Ada ni 3,000 kwa mwaka, waliolipa yote ni 18, waliolipa nusu 9, waliobaki 20 hawajatoa hata senti, jumla ikaingia 67,500. Gari imekula 135,500: rangi 61,000, fundi wa bodi 40,000, bolti pamoja na ile hasara na zile mpya 34,500. Ukumbi na chai 14,200. Benki kuna 30,200. Mhazini ana risiti zote kwenye faili ya kijani, mwenye shaka amtembelee, na nawaomba wale 20, wengine mwaendesha gari za mamilioni, elfu tatu yawashinda vipi?

Mwakani inshallah tuna nia ya kushughulikia dashibodi iliyopasuka kwa jua, vipande vya mpira vya milango, na Mungu akijaalia tuifikishe Ngong Racecourse, Nairobi, kwenye Concours, yale mashindano ya gari zilizotunzwa vizuri, kama si mwakani basi mwaka mwengine. Kuna mtu aliniambia ana usukani wa asili nyumbani kwake Tudor, sijamuona tangu Agosti, akiisoma hii anipigie. Gereji iko wazi Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi, msasa upo, njooni na nguo za kazi.

Mwenyekiti