Barua kwa vijana wa kwaya yetu, Muleba

Wajukuu zangu, Bwana asifiwe.

Jumapili mbili sasa sauti ya nne haina watu. Nikauliza, nikaambiwa mnyauko, ule ugonjwa wa migomba, umerudi vibanjani, kwenye mashamba yetu ya nyumbani: wengine wamekwenda visiwani kuvua, wengine wanaona haya kuimba shangwe ilhali nyumbani hakuna ndizi.

Haya hiyo iacheni. Nabii Habakuki hakungoja shamba lipone ndipo aimbe. Alitaja hasara kwanza, moja moja: mtini, mzabibu, mzeituni, mashamba, zizi. Ndipo akasema, "Walakini nitamfurahia BWANA." Angekuwa Mhaya angeanza na mgomba. Nanyi tajeni yenu mbele za Mungu, hata kwa machozi. Na atakayewauzia mafuta ya kunyunyizia kibanja ili mnyauko ukimbie, mpeni chai aende zake.

Lakini hasa nimeandika kwa ajili ya panga. Ugonjwa huu ulipoingia kwetu miaka ya 2000, mabwana shamba walitufundisha: ng'oa shina bovu, ondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, na panga lipitishe motoni kabla halijagusa shina jingine. Wazee tulichelewa kusikia. Mimi nikamlaumu jirani niliyemwazima panga, kwamba amelirudisha na ugonjwa. Kumbe huenda lilitoka nao kwangu. Miaka miwili hatukusalimiana, na wote tukishiriki Meza ya Bwana! Nilikuwa naomba usiku na mchana, kama mtu anayeteka maji kwa tenga.

Walokole wa zamani, wale ndugu waliookoka, tangu uamsho wao ulipotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, walikuwa na neno lao: kutembea nuruni. Umekosana na ndugu, nenda leo, useme dhambi yako, si yake. (Wapo waliozidisha, wakaungama mpaka ya majirani.) Jioni moja nikaenda. Akacheka, akanipa kahawa ya kutafuna. Migomba haikupona kwa hilo. Ila nililala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau, na asubuhi tukang'oa mashina pamoja, ya kwake kisha ya kwangu.

Basi mazoezi ya Jumamosi yawepo. Mnaodaiana nauli ya ile safari, malizaneni kabla ya wimbo wa kwanza. Mkungu mmoja umebaki kwangu, nitakuja nao.

Babu yenu