Barua kwa Mwanangu: Bikari, Rula na Pembe ya Nyuzi 60

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote hatujambo, na tunaomba nawe uwe mzima na masomo yako yawe yanakwenda vizuri. Nimeupata mchoro wako, ule wa pembe ya nyuzi 60 uliyoigawa mafungu matatu kwa rula na bikari peke yake, na nimeona haufai kujibiwa kwa neno moja la ndiyo au hapana.

Njia yako nimeifuata hatua kwa hatua. Uliweka sindano ya bikari kwenye kona ya pembe, ukapiga tao linalokata mikono yake yote miwili, ukaziunganisha nukta hizo mbili kwa mstari mnyoofu, ukaugawa mstari huo vipande vitatu vilivyo sawa, kisha ukachora mistari miwili kutoka kwenye kona kupitia kwenye migawanyo. Kuugawa mstari vipande vitatu ni jambo halali, na ulivyotumia mistari sambamba kufanya hivyo kumenifurahisha sana. Tatizo liko mbele ya hapo: umechukulia kwamba vipande vilivyo sawa kwa urefu lazima vifungue pembe zilizo sawa pale kwenye kona. Sivyo. Kipande cha katikati kiko karibu zaidi na kona, nacho kimeielekea moja kwa moja, ilhali vile vya pembeni viko mbali kidogo na vimelala upande, kwa hiyo cha katikati hufungua pembe kubwa zaidi. Ukikokotoa utapata takriban nyuzi 21.8 katikati na 19.1 kila upande. Kwenye mchoro mdogo, tena wa penseli butu, tofauti hiyo hupita bila kuonekana. Rudia kazi ileile kwa pembe mraba, nawe utapata takriban nyuzi 36.9 katikati na 26.6 pembeni, na hapo hata macho matupu yatakuonyesha kwamba mafungu hayalingani.

Ndiyo maana mwalimu wenu anawakataza kutumia protrakta katika zoezi la namna hii, na ninaomba usilichukulie katazo hilo kuwa ukali. Protrakta hukupa jibu la kukaribia, na ukaribu huo hutegemea macho yako na unene wa mstari. Bikari hufanya kazi nyingine kabisa: kila nukta ya tao ililolichora iko umbali uleule kutoka kwenye kitovu, na jambo hilo tunalijua bila kupima chochote. Euclid, aliyefundisha Alexandria huko Misri mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo, alianza jometri yake na mchoro mmoja tu wa aina hiyo. Chukua mstari AB. Weka sindano kwenye A, fungua bikari mpaka B, chora duara. Kisha weka sindano kwenye B, fungua mpaka A, chora duara la pili. Pale yanapokatana pana nukta C. Urefu wa AC ni sawa na AB kwa sababu zote mbili ni nusu kipenyo cha duara la kwanza. BC nayo ni sawa na AB kwa sababu ya duara la pili. Basi pande zote tatu ni sawa, na kila pembe ni nyuzi 60. Hakuna kilichopimwa, na hakuna awezaye kubisha. Kutoka hapo ukigawa pembe nusu kwa nusu unapata 30, halafu 15, na ukiizungusha bikari bila kubadili ufunguo wake kwenye mzingo wa duara, itaingia mara sita kamili na kukupa pembesita.

Jaribu pia jambo hili, kwa kuwa mafundi hulihitaji kila siku. Funika sahani juu ya karatasi, izungushie penseli, kisha iondoe: una duara, lakini kitovu chake hukijui. Chagua nukta tatu zozote juu ya mzingo, P, Q na R. Unganisha P na Q, piga matao kutoka ncha zote mbili kwa ufunguo uleule uliozidi nusu ya urefu wa PQ, na uchore mstari unaopita mahali yanapokatana juu na chini. Mstari huo unaikata PQ katikati kwa pembe mraba, na kila nukta iliyo juu yake iko umbali sawa kutoka P na Q, kwa hiyo kitovu hakina budi kuwa humo. Fanya vivyo hivyo kwa Q na R. Mistari hiyo miwili hukutana mahali pamoja tu, na hapo ndipo kilipo kitovu.

Sasa nirudi kwenye swali ulilolisukuma wewe mwenyewe: je, ipo njia nyingine ya kuigawa nyuzi 60 kwa tatu? Haipo, na kutokuwepo kwake kumethibitishwa. Mwaka 1837 Mfaransa Pierre Wantzel alionyesha kwamba rula (ya kunyooshea mistari tu, si ya kupimia) na bikari haziwezi kupita kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta kipeuo cha pili, ilhali pembe ya nyuzi 20 inatokana na mlinganyo wa daraja la tatu (wenye herufi iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu, kama x³) ambao hesabu hizo haziwezi kuufungua. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna atakayechora kwa vyombo hivyo viwili umbo la pande tisa zilizo sawa na pembe zilizo sawa. Lakini la pande 17 linawezekana. Carl Friedrich Gauss aligundua hivyo mwaka 1796, akiwa na umri wa miaka 18.

Uliniuliza pia kuhusu tufe, yaani umbo la mpira, na hapo namtaja Archimedes wa Syracuse, mwanahisabati Mgiriki wa kale, yuleyule aliyethibitisha kwamba pai ni ndogo kidogo kuliko 22/7 mnayoitumia darasani. Aligundua kwamba tufe likiingia barabara ndani ya mcheduara (umbo kama la kopo), ujazo wake ni theluthi mbili za ujazo wa mcheduara huo, na eneo la uso wake nalo ni theluthi mbili, ukihesabu na vifuniko viwili. Alilithamini jambo hilo kiasi cha kutaka lichongwe kwenye kaburi lake. Chukua mcheduara wenye kipenyo cha sentimita 14 na kimo cha sentimita 14: ujazo wake, kwa 22/7, ni sentimita za ujazo 2,156. Tafuta ujazo wa tufe, kisha wa pia (umbo lenye kitako cha duara na ncha moja juu) yenye kitako na kimo hichohicho, ujumlishe majibu yako mawili, na uniandikie unachokiona.

Wako akupendaye,
Baba