Ile krimu sikununua

Nairobi,
Jumapili jioni

Ndugu yangu Kazungu,

Salamu nyingi, na salamu kwa shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeingia na mawingu hayatoki. Zile shilingi elfu mbili ulizonitumia nimekurudishia kwa M-Pesa leo asubuhi, na ya kutolea nimeongeza juu, usije ukaanza kusema Musyoka amekula. Krimu ya makunyanzi uliyoniagiza sikununua. Duka nililipata na krimu niliishika mkononi. Kijana aliyekuwa akiiuza aliniapia kwamba wiki mbili tu makunyanzi yote yatapotea na uso utarudi wa kijana. Nikamtazama yeye mwenyewe: uso mweupe kama maziwa ya chai, vifundo vya vidole vyeusi ti. Nikaaga.

Najua utanuna. Lakini wewe ndiye uliyeanza, uliponipigia baada ya kuona picha za harusi ya binti yangu Mwende. Ulisema upande wa kushoto wa uso wangu ni Musyoka, na upande wa kulia ni marehemu baba yake. Nilicheka na wewe kwenye simu, halafu usiku nikawasha taa ya bafuni nikajitazama. Ni kweli, bwana. Jicho la kulia limezungukwa na mikunjo mpaka kwenye sikio. La kushoto lina miwili mitatu tu. Nikadhani labda nalalia upande mmoja.

Kumbe ni kiti, Kazungu. Kile kiti tulichokigombania tukiwa makanga. Mama Mwende alinipeleka kwa daktari wa ngozi kwa ajili ya kidoa fulani karibu na jicho, na kidoa chenyewe hakikuwa kitu. Daktari, binti mdogo tu, aliniuliza kazi yangu kabla hajanigusa. Nilipomwambia dereva wa matatu, akachukua simu yake akanionyesha picha ya mzee mmoja wa Marekani, miaka 69, aliyeendesha lori la kusambaza mizigo kwa miaka 28. Picha hiyo ilichapishwa mwaka 2012 katika jarida la madaktari, New England Journal of Medicine. Uso mmoja, watu wawili! Upande wa kushoto ngozi imeshuka na kujikunja kama begi la ngozi lililonyeshewa, upande wa kulia mzee wa kawaida tu. Kwao usukani uko kushoto, dirisha liko kushoto. Kwetu ni kulia.

Hebu fikiria njia yetu ya Rongai. Asubuhi unatoka kule kuja mjini, jua linachomoza kuliani kwako. Jioni unarudi, jua linazama, na bado liko kuliani. Miaka ishirini na mbili! Na mimi huniambii nifunge dirisha, kiwiko lazima kiwe nje. Hata ningelifunga, nimeambiwa miale inayozeesha, wanayoiita UVA, hupita kwenye kioo cha pembeni. Kioo cha mbele kimetengenezwa kwa vioo viwili vilivyobanwa na plastiki katikati, ndiyo maana huizuia kwa wingi. Wenyewe tumebadilisha hivyo vioo mara ngapi, na hatukuwahi kujua.

Jinsi miale hiyo inavyofanya kazi, nitakueleza kwa lugha ya gereji. Chini ya ngozi kuna vitu viwili, kolajeni na elastini. Kolajeni ni kama sponji ya kiti, inajaza. Elastini ni springi, inarudisha ngozi mahali pake ukishacheka au ukishakunja uso. Kuanzia miaka ya ishirini na kitu mwili hupunguza kutengeneza kolajeni, takriban asilimia 1 kila mwaka, na hilo halina fundi. Lakini jua huikatakata ile iliyopo. Sponji ikinywea na springi zikilegea, kitambaa cha juu kitafanya nini kama si kujikunja?

Kama huamini, vua shati sasa hivi. Tazama ngozi ya ndani ya mkono, kule juu karibu na kwapa, halafu tazama mgongo wa kiganja. Umri ni mmoja, ulizaliwa navyo siku moja. Tofauti unayoiona nyingi ni ya jua.

Nilimwambia daktari, lakini Nairobi kuna baridi, wa kuogopa jua ni ndugu yangu wa Malindi. Akasema baridi hii inadanganya. Tuko karibu na ikweta kama ninyi, halafu tuko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 miale hiyo huongezeka kwa karibu asilimia 10. Wingu nalo haliizuii yote. Kwa hiyo Julai hii ninavaa sweta na bado naungua uso. Wewe usifurahi lakini, maana unashinda ukiuza madafu kando ya barabara bila hata kofia.

Sasa nirudi kwenye krimu. Sisi weusi tumezaliwa na kinga. Huo weusi ndio unaokunywa sehemu ya miale kabla haijafika chini, ndiyo maana mzungu wa miaka arobaini hukunjamana mapema kuliko Mkamba wa rika lake. Krimu nyingi za kung'arisha, zenye kemikali kama haidrokwinoni au zebaki, kazi yake ni kuuondoa huo weusi. Yaani unang'oa turubai la lori mvua ikinyesha. KEBS, shirika la viwango la Kenya, imezipiga marufuku, na zebaki huingia mwilini ikaenda kuharibu figo, lakini kichochoroni bado zinapatikana, nyingine hata hazina maandishi ya kilichomo. Ndiyo maana nilimtazama yule kijana vidole.

Na usikimbilie ndimu pia. Makanga wangu alisikia kwa watu kwamba ndimu hulainisha uso, akajipaka asubuhi akaja kuning'inia mlangoni kutwa nzima. Maji ya ndimu yakikutana na jua kwenye ngozi huunguza. Alitoka malengelenge, yakaacha mabaka meusi yaliyochukua miezi kuisha, na abiria walimwita Ramani ya Afrika.

Vya kujipaka vinavyofaa nimevijaribu mwenyewe, Mama Mwende akinicheka. Parachichi lililopondwa na asali, dakika ishirini kisha unaosha. Uso unakuwa laini jioni ile, asubuhi makunyanzi yako palepale yanakusalimia. Ute wa shubiri unapoza ngozi iliyoungua. Yote hayo huipa ngozi unyevu, na kwenye ngozi yenye unyevu mikunjo midogo haionekani sana, mikubwa haitishiki. Kilichonifaa zaidi ni mafuta tu, nikijipaka nikitoka kuoga kabla ngozi haijakauka. Kuhusu kunywa maji mengi, kunywa kwa ajili ya mwili, usitegemee yakunyooshe paji la uso. Mapera kula, mwili unahitaji vitamini C kutengeneza kolajeni, na pera lina nyingi kuliko chungwa. Huko kwenu si ya kutafuta.

Basi mimi sasa nimenunua kofia pana, na shati la mikono mirefu hata siku za joto. Miwani ya jua nayo, kwa sababu kumbe kule kukunja macho nikitazama jua la jioni kila siku pia huchora mistari yake. Usoni na kwenye mkono wa kulia napaka losheni ya kukinga jua yenye kipimo cha kinga SPF 30, ambayo huzuia karibu asilimia 97 ya ile miale inayounguza, na ukichagua iliyoandikwa kwamba inazuia UVA pia, ndiyo bora. Nairudia saa saba kwenye stegi ya Railways. Wenzangu pale wameshanipa jina, silitaji hapa.

Kazungu, kuna jambo nimelizungusha tangu mwanzo wa barua. Sigara. Mimi na wewe tulianza pamoja, zile zamu za alfajiri, kijiti kimoja cha kugawana. Mimi niliacha Mwende alipozaliwa kwa sababu mama yake alikataa nimbebe nikinuka. Wewe hukuacha. Ile mistari midogo iliyosimama juu ya mdomo wako wa juu, ambayo shemeji aliniambia kwenye simu kwamba ndiyo inayokukera, si ya jua peke yake. Moshi hubana mishipa midogo inayopeleka damu kwenye ngozi, na huivunja kolajeni kama jua livunjavyo. Juu ya hapo mdomo unaukunja kila unapovuta, mara ngapi kwa siku? Unanitumia elfu mbili nikununulie krimu, na kila wiki unampa muuza duka pesa akuuzie makunyanzi. Sikuhukumu, nilikuwa huko. Lakini naomba ukianza kuhesabu, uanzie hapo. Mapafu sitayataja, utaniambia nimegeuka mhubiri.

Halafu acha kumwambia shemeji kwamba amezeeka ghafla. Mwanamke hedhi ikikoma kolajeni hupungua haraka sana miaka ile ya kwanza. Si uzembe wake. Na wewe uliyeshinda juani bila kofia huna pa kusemea.

Sasa biashara. Hizo elfu mbili zilizorudi, zitumie hivi: mwambie yule mama jirani yako anikamulie mafuta ya nazi, lita moja, ya tui la kweli, si yale ya kuchanganywa. Yafunge vizuri kwenye karatasi ya nailoni, uyape basi la usiku, unitumie namba ya mzigo niyachukue asubuhi kabla sijaanza zamu. Mama Mwende ameshatenga chupa. Mimi nitakutumia kofia, ile ya kitambaa yenye ukingo mpana, nimeiona Gikomba kwa shilingi mia moja na hamsini. Niambie tu kichwa chako bado ni kile kikubwa au kimepungua.

Wako,
Musyoka