Barua kwa mwanangu: sumaku na nyuzi nyeupe za ubongo

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na swali lako kuhusu yale matibabu ya mapigo ya sumaku kichwani utakayoanza nimelisoma zaidi ya mara moja: "Mama, sumaku hiyo haitaniunguza nyaya za ubongo?" Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kusoma kwanza, nisije nikakupoza kwa maneno matupu.

Ubongo ukikatwa huonyesha rangi mbili. Kwenye tabaka la juu, la kijivu, zimejaa seli zenyewe. Chini yake kuna maada nyeupe, karibu nusu ya ubongo mzima: mafungu ya nyuzi zinazopeleka habari kutoka sehemu moja hadi nyingine. Weupe ule ni mafuta. Nyingi ya nyuzi hizo zimeviringishiwa ala ya mafuta iitwayo mayelini, na palipo na mayelini ishara hukimbia kasi zaidi. Hizo ndizo nyaya zako.

Koili, yaani waya uliozungushwa, watakayokuwekea kichwani hutoa mapigo mafupi, kila moja chini ya sehemu ya elfu ya sekunde. Nguvu ya sumaku inapopanda na kushuka ghafla, huzaa umeme mdogo ndani ya ubongo. Jambo hilo mwanasayansi Michael Faraday aliligundua mwaka 1831. Anthony Barker na wenzake kule Sheffield, Uingereza, wakalielekeza kichwani mwaka 1985, misuli ya mkono ikacheza. Haichomi nyuzi, mwanangu. Tena haizami sana, sentimita 2 au 3 tu. Ila seli za juu zikishtuka, ishara yao hushuka kwa njia ya zile nyuzi nyeupe hadi sehemu za ndani ambako koili yenyewe haifiki.

Je, nyuzi zenyewe hubadilika? Hapa ndipo nilipokesha. Kwa panya, sumaku ya nguvu ndogo imesaidia seli changa zinazotengeneza mayelini zisife na zikomae. Kwa watu, kuna picha za ndani ya mwili, za MRI, zinazofuatilia jinsi maji yanavyotembea kandokando ya nyuzi, na baadhi ya wagonjwa wa sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, walionyesha mpangilio bora zaidi upande wa mbele wa ubongo baada ya matibabu. Lakini walikuwa watu wachache, na picha ile ni kivuli tu: huenda ni mayelini, huenda ni unene wa nyuzi, huenda ni namna zinavyopishana. Halafu mwaka 2009, Oxford, watu waliojifunza kurusharusha mipira kwa wiki 6 nao walionekana na mabadiliko kwenye maada nyeupe, bila sumaku yoyote! Kwa hiyo mtu akikuambia mashine "inashona ubongo upya", mwitikie kwa adabu, basi.

Watakuita siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6. Wiki ya kwanza ikipita kimya usiniandikie kwamba umeshindwa.

Waambie mapema kama umewahi kuanguka kifafa, maana mapigo hayo huweza kuleta degedege, ingawa ni nadra sana. Waambie pia kama una chuma chochote kichwani. Kichwa kinaweza kukuuma kidogo, na mashine hugonga kama kigong'ota, kwa hiyo vizibo vya masikio usivikatae. Hereni vua kabla hujatoka nyumbani. Nakujua, utazisahau kule.

Ni mimi,
Mama yako